Damu Imesafika, Mfupa Je?

Pale soko la Burma, Barabara ya Jogoo, Nairobi, kuna sauti unayoitambua kabla hata ya kuona moshi: mfupa unagongwa kwenye ubao. Mla nyama amemaliza minofu, sasa anautafuta uboho. Anagonga, ananyonya, anagonga tena, kisha anakuambia kwa midomo inayong'aa mafuta kwamba hapo ndipo nguvu ilipo. Mjomba wangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ni yeye aliyenifunza kuchagua mfupa wa paja na kuwaachia wageni ubavu. Na ni yeye ambaye, miaka mitatu iliyopita, uboho wake mwenyewe ulianza kumtafuna kutoka ndani, huku sisi wapwa zake tukimtania kwamba mgongo wa kuendesha matatu miaka thelathini lazima udai malipo yake.

Alijichua kwa marhamu. Alibadilisha godoro. Alimeza brufen za duka la dawa la mtaani hadi muuzaji akawa anamfungia kabla hajafungua mdomo. Zahanati ya kwanza ilimpiga eksirei, ikatoka safi. Ya pili ilimpima damu, ikaona imepungua kidogo, akaambiwa ale maini na mboga za kienyeji. Miezi minane ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja akainua mtungi wa maji wa lita 20 na pingili ya uti wa mgongo ikavunjika, na jamaa wawili wakamwingiza kwenye teksi kama gunia. Jibu lilipotoka lilikuwa mailoma, saratani ya seli za plazima, zile seli za uboho ambazo kazi yake ya halali ni kutengeneza kingamwili.

Sisemi haya ili kuwalaumu waliompima. Ninachokilaumu ni jina. Tunaiita "saratani ya damu", na jina hilo limetufanya sote tuitazame damu: tuipime damu, tuiulizie damu, tununue pale River Road chupa za dawa ya kuisafisha damu. Lakini damu ni barabara tu. Ugonjwa una mtaa wake, una nyumba, una majirani wanaoupikia na kuufungulia mlango usiku. Mtaa huo ni uboho, na sayansi ya miaka hamsini iliyopita imekuwa ikituonyesha kwamba seli ya saratani bila mtaa huo ni dhaifu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Mwaka 1868 Ernst Neumann, mtafiti wa mji wa Königsberg, aliandika kwamba damu hutengenezwa ndani ya uboho, jambo ambalo wenzake hawakulikubali haraka. Leo tunajua kwamba mtu mzima hutoa seli nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Uboho mwekundu unaofanya kazi hiyo haumo katika mifupa yote kwa usawa. Kwa mtoto umeenea karibu kila mfupa, ila kwa mtu mzima umebaki hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, mfupa wa kifua na fuvu. Ndiyo maana mgongo wa mjomba ulilia kwanza, na wala matatu haikuwa na hatia. (Nao ule tunaounyonya Burma, wa katikati ya paja la ng'ombe mkubwa, mara nyingi ni uboho wa manjano, yaani mafuta matupu. Ni mtamu, sikatai. Ila ukishaumeza huyeyushwa tumboni kama mafuta mengine. Hauna njia ya kwenda kuujazia uboho wako.)

Wazo la mtaa lilichelewa kufika. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti akitafuta jibu la swali moja: kwa nini ugonjwa ukisambaa hupenda ini kuliko bandama, ilhali damu hupita kote kuwili? Akajibu kwa lugha ya mkulima. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota tu pale udongo unapoipokea. Ilibidi tungoje hadi 1978 ndipo Raymond Schofield apendekeze kitu kinachofanana na hicho kuhusu damu yenyewe: kwamba seli shina ya damu, yaani ile inayozaa seli nyingine zote za damu, hubaki kuwa seli shina kwa sababu ya mahali inapokaa. Ihamishe, nayo itasahau ilikuwa nani.

Sasa, ndani ya uboho wenye afya kuna jamii nzima. Kuna seli za tegemeo zinazoshikilia kila kitu, kuna kuta za mishipa midogo ya damu, seli za mafuta, nyuzi za neva, seli zinazojenga mfupa na nyingine zinazoumomonyoa ili ujengwe upya. Seli hizo za tegemeo hutoa protini iitwayo CXCL12, ambayo ni kama mama anayeita watoto jioni: seli shina zikiisikia hurudi nyumbani na kutulia. Saratani nazo zina masikio yaleyale. Zinaitikia mwito uleule, zinaingia, zinakaa kitini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mailoma hufanya kinyume: siku ya tatu mgeni ndiye anayekupa wewe jembe. Seli zake zikishajibana kwenye seli za tegemeo, huzilazimisha kutoa intalukini-6, chakula ambacho mailoma hukitamani kuliko chochote. Wakati huohuo huongezeka ishara nyingine, RANKL, inayowaamsha wabomoaji wa mfupa, na seli za mailoma zenyewe hutoa protini ya DKK1 inayowazuia wajenzi wasifike kazini. Kwa hiyo kuna tingatinga zinazofanya kazi usiku na mchana na hakuna fundi hata mmoja. Na mfupa unapobomolewa huachilia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake kama akiba kwenye ukuta wa nyumba ya udongo. Mailoma huvila, huongezeka, hubomoa zaidi.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu mzunguko huu unaeleza eksirei ya mjomba. Eksirei ya kawaida haionyeshi shimo kwenye mfupa hadi karibu theluthi moja ya madini au zaidi iwe imekwisha kupotea mahali hapo. Kile kipimo kingine cha kuskani mifupa kwa dawa yenye mionzi kinachotumiwa sana kwa saratani ya tezi dume nacho hukosea hapa, maana hutegemea wajenzi wa mfupa wawe kazini, na mailoma imekwisha kuwanyamazisha. Unaweza basi kuwa na mgongo unaoliwa, karatasi ya eksirei inayosema uko salama, na skani inayokubaliana nayo. Wakati huo brufen zinaumiza figo ambazo mailoma imekwisha kuzijaza protini zake. Mtu asiyeujua mtaa huu atasoma karatasi hizo na kumrudisha mgonjwa nyumbani, na hatakuwa amefanya uzembe wowote unaoweza kushtakiwa.

Lukemia kali ya miloidi, saratani nyingine inayoanzia kwenye seli changa za damu ndani ya uboho, ina tabia nyingine, na Mnairobi yeyote aliyewahi kununua maji kwa mtungi ataielewa mara moja. Unajua jinsi makateli ya maji yanavyofanya: hayachimbi kisima kipya, yanakata bomba lililopo, kisha yanakuuzia kilichokuwa chako. Katika maabara watafiti wameona seli za lukemia zikizifanya seli za mafuta za uboho ziachilie mafuta yao ili ziyachome kama kuni. Wameziona pia zikipokea mitokondria, yaani mitambo ya nguvu ya seli, kutoka kwa seli za tegemeo kupitia vijibomba vyembamba mno. Jirani anakupa maji, halafu unang'oa na jenereta yake. Katika panya, lukemia huharibu hata nyuzi za neva zinazouongoza uboho, na kufanya mahali pale pafae kwake na pasifae kwa seli shina za kawaida.

Hapo ndipo penye jambo ambalo familia nyingi hospitalini huwa hazielezwi vizuri. Mgonjwa wa lukemia hafi kwa sababu ya wingi wa seli mbaya peke yake. Anakufa kwa kutokwa damu, kwa maambukizi, kwa kuishiwa damu, kwa kuwa seli nzuri zimekosa mahali pa kuzaliana. Mara nyingi bado zipo, zimefukuzwa vyumbani. Mchango wa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, tunaoombwa kwenye makundi ya WhatsApp kila wiki ni wa kuziba pengo la kiwanda kilichotekwa hadi kitakapokombolewa.

Kuna swali gumu zaidi: je, mtaa mbovu unaweza kumzaa mhalifu? Mwaka 2010 kulichapishwa jaribio ambalo hadi leo hunisisimua. Watafiti walifuta jeni moja, Dicer1, katika seli changa za kujenga mfupa za panya. Seli za damu hawakuzigusa. Hata hivyo damu ya panya hao ikaharibika, na baadhi wakapata lukemia. Miaka minne baadaye kundi jingine likaonyesha jambo la aina hiyo kwa kuvuruga protini nyingine katika seli za kujenga mfupa. Na kwa binadamu kuna tukio adimu ambalo madaktari wamelijua tangu miaka ya 1970: mgonjwa anapandikizwa uboho wa mtu mwenye afya, anapona lukemia yake, kisha anapata lukemia mpya kutoka kwa seli za yule mfadhili, ilhali mara nyingi mfadhili mwenyewe anaendelea na maisha yake bila tatizo. Sababu zaweza kuwa zaidi ya moja, lakini ni vigumu kuitazama mbegu hiyo iliyonawiri kwingine na kuoza hapa bila kuuliza udongo una nini.

Ukanda wetu, kwa njia, hauna sababu ya kulishangaa swali hili. Denis Burkitt alipokuwa daktari wa upasuaji Kampala alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto uliokuja kupewa jina lake. Kisha akatoka kwa gari, kituo hadi kituo hadi Afrika Kusini, akiuliza kila hospitali kama imeuona. Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua, na ndani ya joto na mvua alikuwemo mbu. Leo tunajua kwamba malaria ya kudumu pamoja na virusi vya Epstein-Barr ndivyo huuandalia uvimbe huo njia, na wazazi wa Nyanza na Magharibi wanaujua bila kusoma. Huo ni udongo wa kiwango kingine kabisa, wa nchi na si wa mfupa, lakini fikra ni ndugu.

Nisije nikamuuzia mtu matumaini ya bei nafuu. Kwenye panya na kwenye visahani vya maabara, ukivunja mshikamano wa saratani na uboho, ushindi huonekana karibu. Kwa watu imekuwa kazi. Kulikuwa na dawa iitwayo uproleselani, iliyobuniwa kuzibandua seli za lukemia kutoka kwenye kuta za mishipa ya uboho ili kemikali zizipate. Mwaka 2024 jaribio lake kubwa kwa wagonjwa ambao lukemia yao ilikuwa imerudi au imekataa dawa halikufikia lengo la kurefusha maisha. Wanaosema kwamba mbegu ndiyo kila kitu walitabasamu siku hiyo. Wana haki kiasi: bila hitilafu ndani ya seli yenyewe, mara nyingi hakuna saratani, na dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ililenga hitilafu moja tu ndani ya mbegu na ikabadilisha lukemia sugu ya miloidi kutoka hukumu ya kifo hadi kidonge cha kila siku.

Lakini tazama dawa zilizofaulu kwa mailoma. Thalidomidi ilikuwa aibu ya dunia. Iliondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Ilirudi miaka ya 1990 kwa sababu mke wa mgonjwa mmoja wa mailoma Marekani aliwasumbua madaktari waijaribu, kwa hoja kwamba huenda ikazuia mishipa mipya ya damu inayoulisha ugonjwa ndani ya uboho. Mumewe hakupona. Hata hivyo mwaka 1999 ilitangazwa kwamba kati ya wagonjwa 84 waliokuwa wameishiwa na tiba, karibu theluthi moja waliitikia. Baadaye ikagunduliwa kwamba dawa hiyo hufanya mengi kuliko kuzuia mishipa. Huishambulia mbegu pia. Walianza na udongo wakaifikia mbegu. Na katika lukemia sugu ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, dawa ya ibrutinibu huzifukuza seli mbovu kutoka kwenye maficho yake hadi damuni. Hesabu ya damu hupanda ghafla wiki za kwanza na mgonjwa huogopa kwamba ugonjwa umezidi, kumbe ni wakimbizi waliotolewa nyumbani. Seli hizo zikitolewa kwa majirani zake hazidumu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa dawa isiyo na fahari yoyote. Asidi ya zoledroniki ni dawa ya mifupa. Kazi yake ni kuwatuliza wabomoaji. Mwaka 2010 jaribio la Uingereza lililohusisha wagonjwa 1,960 wa mailoma liliilinganisha na dawa ya mifupa ya zamani zaidi. Waliopewa zoledroniki walivunjika mifupa kidogo zaidi, jambo lililotarajiwa, lakini pia waliishi muda mrefu zaidi, kwa wastani wa miezi mitano na nusu. Ni dawa ya kulinda udongo, wala si ya kuua mbegu, na ikaongeza maisha. Hati miliki yake imekwisha kitambo, kwa hiyo hutengenezwa na kampuni nyingi. Nikisikia tukijadili ni tiba gani mpya ya mamilioni tuiombe serikali, hukumbuka chupa hiyo ndogo.

Haya yote yana maana gani kwa mtu anayepanda matatu ya kwenda hospitali ya Kenyatta alfajiri na faili kwapani?

Kwanza, kuhusu kuacha dawa. Katika lukemia sugu ya miloidi, imatinibu huirudisha hesabu ya damu kwenye hali ya kawaida ndani ya wiki au miezi michache. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Kenya wameipata bure kupitia mpango wa msaada, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nimekaa kwenye viti vya kliniki vya kutosha kusikia mazungumzo haya: "Mama, wewe bado unameza? Mimi damu yangu imesafika, nimepumzika kidogo." Nauli ni nauli, na kidonge hulichefua tumbo. Ila Ufaransa walijaribu kuwaachisha dawa wagonjwa 100 ambao ugonjwa wao ulikuwa hauonekani hata kwa kipimo kikali cha jeni kwa miaka 2 mfululizo. Kati ya waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, takriban 6 kwa kila 10 ugonjwa uliwarudia. Hao ni watu waliokuwa safi kwa kipimo kikali. Yule jirani yangu wa kliniki alikuwa safi kwa kipimo cha kidole tu. Seli shina za ugonjwa huo hujificha kwenye pembe za uboho zenye oksijeni haba, zikiwa zimelala, na pia kwa maumbile yake zenyewe haziitegemei sana ile hitilafu ambayo dawa inailenga. Zinangoja.

Pili, mgongo. Marekani, ambako hesabu zimewekwa, mailoma huwapata watu weusi karibu mara mbili ya weupe. Sioni kwa nini mzee wa Kiafrika mwenye maumivu ya mgongo yasiyotulia usiku, damu pungufu na uchovu aendelee kuandikiwa dawa ya kuchua mwezi wa sita. Vipimo vya kuanzia havihitaji ndege ya kwenda India: damu kamili, kalsiamu, kreatinini ya figo, na elektroforesi ya protini inayoonyesha kama kuna kingamwili ya aina moja iliyozidi. Hivyo vikitilia shaka, basi sindano ya nyongani ichukue uboho. Watu wanaiogopa sindano hiyo kuliko inavyostahili. Wengine huamini itawapoozesha, wakidhani inachomwa kwenye uti wa mgongo. Huchomwa nyuma ya mfupa wa nyonga, ganzi ikiwa imetangulia. Inauma, mjomba hakunificha, lakini alitembea mwenyewe kurudi kwenye gari.

Na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa? Fedha zake za saratani huhesabiwa kwa kaya kwa mwaka, na mzigo mkubwa huishia kwenye tiba ya ugonjwa uliokwisha kukomaa. Shilingi inayotumika mapema kwenye elektroforesi ingeokoa pingili ngapi za mgongo sijui, na sitatunga hesabu. Najua tu pingili moja ambayo haikuokolewa, na gharama yake: mshipi wa chuma wa kiunoni, miezi minne ya kulala chali, na mtoto wake wa mwisho kuacha chuo kwa mwaka mzima ili awe wa kumgeuza.

Siku hizi anatembea kwa mkongojo. Damu yake inasomeka vizuri na hajaachiwa aache kitu. Kila akiwekewa ile zoledroniki humlalamikia muuguzi kwamba dripu ya robo saa inamgharimu siku nzima ya foleni. Kilichomuudhi zaidi, hata hivyo, kilitokea kabla ya dripu ya kwanza. Dawa hiyo ina hatari ndogo ya kuua mfupa wa taya, hasa jino likija kung'olewa baadaye, kwa hiyo mgonjwa hutumwa akaguliwe kinywa kwanza. Alinipigia simu kutoka kwenye benchi la kliniki ya meno, sauti juu, bila shaka ili wote wasikie.

"Wee kijana, hebu njoo uwaulize hawa watu. Nimewaambia naumwa mgongo, wakanitoboa nyonga. Sasa wananihesabu meno."

Walimng'oa mawili.